Wapimeni samaki wa Nyabarongo

Maji ya mto Nyabarongo yanafuatiliwa kwa karibu na kila anayeyahitaji. Kwenye mitambo ya Nzove, magharibi ya Kigali, mafundi hupima tope kabla ya kuyasafisha na kuyasukuma kwenye mabomba ya mji wenye watu zaidi ya milioni 1.7. Kwenye bwawa la kwanza la Nyabarongo, lenye uwezo wa megawati 28, kina cha maji hakipotei machoni. Bwawa la pili, la megawati 43.5, lisingeweza hata kuchorwa bila hesabu za mafuriko. Lakini uliza ni samaki wa aina gani waliopita chini ya daraja masika iliyopita, walikuwa wangapi, na maji waliyopitia yalikuwa na joto kiasi gani. Hakuna ofisi ambayo kazi yake ya kila msimu ni kukujibu. Tunataka iwepo, na tunataka iwepo kabla bwawa la pili halijajazwa maji.

Haraka hii ina sababu. Mkakati wa serikali wa mwaka 2011 kuhusu mabadiliko ya tabianchi ulikiri kwamba joto la Rwanda lilikuwa limepanda kwa nyuzi 1.4 tangu 1970, kasi inayozidi wastani wa dunia. Binadamu akisikia joto hutafuta kivuli. Samaki hana joto la mwili lililo lake. Joto la maji ndilo joto lake. Maji yakipata moto, mambo mawili humpata kwa pamoja: mwili wake unataka oksijeni zaidi, na maji yanabaki na oksijeni pungufu. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi 20 hushika karibu miligramu 9 za oksijeni usawa wa bahari. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5. Huku kwetu milimani, ambako hewa ni nyepesi, toa tena kama asilimia 15. Kwa joto lile lile la maji, samaki wa Nyabarongo anaanza siku yake akiwa na akiba ndogo kuliko mwenzake wa mto wa pwani kama Rufiji, na akiba hiyo ndiyo inayopunguzwa.

Hakuna somo lililo karibu nasi kuliko la Ziwa Tanganyika. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi: kadiri ziwa lilivyopata joto, uzalishaji wa vijimea vidogo vinavyolisha kila kitu majini ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwa hesabu zao mavuno ya samaki yangeshuka kwa kama asilimia 30. Chanzo chake kinaeleweka kirahisi. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Virutubisho hubaki vimefungiwa chini. Upepo wa kiangazi, ambao zamani ulikoroga ziwa na kuvipandisha, haufui dafu.

Watu walibisha, na walikuwa na haki ya kubisha. Je, si wavuvi waliomaliza dagaa na migebuka? Taa za karabai, nyavu zenye macho madogo, mitumbwi iliyoongezeka kila mwaka: ushahidi dhidi ya uvuvi ulikuwepo. Jibu lilitoka chini ya ziwa. Timu ya Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona ilizamisha mabomba kwenye tope la sakafuni na kuchomoa miaka mingi iliyolala tabaka juu ya tabaka. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya samaki, makombe ya konokono, na alama za joto la maji ya zamani. Mwaka 2016 waliripoti kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua sambamba na ziwa kupata joto tangu karne ya 19, muda mrefu kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza miaka ya 1950. Uvuvi wa kupindukia haukusafishwa jina. Uliongeza mzigo juu ya mzigo. Lakini serikali nne zinazomiliki ziwa lile haziwezi tena kujidanganya kwamba kumkamata mvuvi mwenye wavu haramu kunamaliza kazi.

Habari hiyo inatuhusu hadi mezani. Sambaza wanaouzwa masoko ya Kigali ni aina moja ya dagaa wale wale wa Tanganyika, waliohamishiwa Ziwa Kivu kati ya 1958 na 1960, na leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hilo. Kivu ina tabia zake, na gesi iliyo kilindini imeifanya isifanane na ziwa jingine. Hata hivyo nayo hutegemea upepo wa kiangazi, Juni hadi Septemba, kuchanganya maji ya juu na kuwalisha sambaza. Kila mwaka uvuvi wa Kivu hufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, na tunaunga mkono. Swali ni kama tarehe hizo zitaendelea kulingana na majira ambayo yenyewe yanayumba. Bila vipimo vya joto vya mfululizo, vya miaka na miaka, tarehe hubaki za mazoea.

Mto una ugumu wake zaidi. Ziwa huhifadhi kumbukumbu katika tope. Mto huibeba na kwenda nayo. Atakayetaka kujua mwaka 2050 jinsi Nyabarongo ilivyokuwa leo hatakuwa na bomba la kuzamisha. Atategemea kile tulichoandika sisi. Na mto huu una magonjwa mengi yanayofanana dalili. Udongo wa milima hushuka kila mvua, kutoka mashambani na kutoka machimbo ya madini na mchanga, hadi maji yanakuwa mekundu. Tope hilo hufunika mayai ya samaki na kuziba mashavu yao. Gugu maji hufunika vidimbwi na kunyima maji hewa. Uchafu wa mji huteremka kwa mito ya Mpazi na Nyabugogo. Sasa ongeza joto, ongeza mvua zinazokuja kwa pupa. Samaki wakipungua, nani wa kulaumiwa? Mkulima? Mchimbaji? Bwawa? Anga? Kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, na kila mmoja atakuwa na nusu ya ukweli. Ni kuhesabu kwa muda mrefu tu, mahali pale pale, kwa njia ile ile, kunakoweza kutenganisha sababu hizo.

Mvua zinastahili neno la ziada. Samaki wengi wa mito yetu husoma mafuriko. Maji yanapopanda mwanzo wa msimu, kambare huingia usiku kwenye majani yaliyofunikwa na kutaga humo. Makinda hukua wakijificha, kisha hurudi mtoni maji yakipungua. Mafuriko ya polepole ni mwaliko. Mafuriko ya saa chache, yanayoshuka kutoka mlima uliovuliwa miti na kupita kwa kishindo, hukokota mayai na mama yao. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko ya Sebeya na mito mingine ya Magharibi na Kaskazini, pamoja na maporomoko ya ardhi, yaliua zaidi ya watu 130. Msiba ule ulikuwa wa binadamu kwanza, na nyumba, barabara na shule ndizo zilizostahili kutangulia. Tunachosema ni kwamba mvua iliyoweza kufanya hivyo kwa nyumba za matofali ilipita pia katika mazalia ya samaki, na tathmini ya maafa ya namna hii inapaswa kuwa na ukurasa wa mto wenyewe.

Kuna watakaouliza kama hili ni la kushughulikia katika nchi yenye njaa ya ardhi, ambako wavuvi wa Nyabarongo ni wachache na samaki wengi wa sokoni hutoka maziwani au kwa majirani. Tunawajibu kwa takwimu moja: uchunguzi wa afya wa 2019 na 2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Samaki mdogo anayeliwa mzima, na mifupa yake, ni chakula ambacho mtoto wa bondeni anaweza kukipata bila duka. Zaidi ya hapo, samaki hueleza jambo ambalo chombo hakielezi. Chombo kinatoa hali ya maji saa kilipotumbukizwa. Samaki wa miaka mitatu ameishi misimu yote ya miaka hiyo, ile iliyopimwa na ile iliyosahauliwa.

Na nchi hii si ngeni katika kusoma maji. Mwaka 2003 na 2004 maziwa ya Bulera na Ruhondo yaliposhuka na mitambo ya umeme ya Ntaruka kukosa nguvu, umeme ukawa wa shida. Kinamasi cha Rugezi, kinachoyalisha maziwa hayo, kilikuwa kimechimbwa mifereji na kulimwa. Serikali ilizuia kilimo ndani yake, maji yakarudi, na tangu 2005 Rugezi inalindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Uamuzi ule ulikuwa mgumu kwa wakulima waliokosa mashamba, na ulifanyika kwa sababu taa zilizimika. Samaki wakipungua hakuna taa inayozimika. Ndiyo maana lazima wahesabiwe.

Kigali yenyewe sasa ina nafasi ambayo miji mingi ya Afrika haina. Bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa 2022, imeonyesha kwamba bonde lililoharibiwa linaweza kurudishiwa uhai. Mwaka 2024 ikaanza kazi ya kurejesha mabonde mengine matano: Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo. Njia za kutembelea na viti vya kupumzikia tunavikaribisha. Mji unahitaji mahali pa kuvuta pumzi. Lakini mafunjo yana kazi kubwa kuliko mandhari. Nchini Uganda, Lauren Chapman wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba vinamasi vya mafunjo ni ngome ya samaki wa asili: maji yake yana oksijeni kidogo, sangara anayewala hayavumilii, na samaki wadogo walioyazoea hupona humo. Kinamasi kikikatwa, hawana pa kukimbilia. Basi kila bonde linalorejeshwa Kigali liingizwe kwenye hesabu: walikuwemo samaki gani kabla ya kazi, wapo gani baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano. Tusipofanya hivyo tutasifu bustani bila kujua kama ni makazi.

Msingi wa kuanzia upo. Mwaka 2001 De Vos, Snoeks na Thys van den Audenaerde walichapisha orodha ya samaki wa Rwanda pamoja na historia ya wale walioletwa kutoka nje. Huye, Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri wa bioanuwai chenye wataalamu wa maji. Vipimajoto vinavyojirekodi vyenyewe kwa miezi ni vidogo na si ghali. Siku hizi mtafiti anaweza kuchuja maji ya mto, kusoma chembe za DNA walizoacha samaki, na kujua nani amepita hata kama wavu ulitoka mtupu. Kinachopungua ni pesa zisizokatika. Utafiti wetu mwingi huja na mradi wa miaka mitatu na huondoka nao, na miaka mitatu haitoshi kutofautisha mabadiliko ya tabianchi na mwaka mmoja mbaya.

Tunapendekeza hivi. Bodi ya Rasilimali za Maji, mamlaka ya mazingira (REMA) na bodi ya kilimo inayosimamia uvuvi ziweke vituo vya kudumu juu na chini ya kila bwawa la Nyabarongo, penye makutano na Nyabugogo, na penye makutano na Akanyaru, kabla mto haujageuka kuwa Akagera. Kila kituo kipime joto, oksijeni na tope mwaka mzima, na samaki wahesabiwe masika, vuli na kiangazi. Huye ipewe kazi ya kuchambua, na wavuvi walipwe kwa kuandika wanachokamata, kwa kuwa wao huwa mtoni kabla ya mtafiti kuamka. Gharama ziingie kwenye bajeti ya taifa, na sehemu itoke kwenye mauzo ya umeme wa mto huo huo. Takwimu ziwekwe wazi kwa kila anayetaka kuzisoma, zikiwemo zile zitakazoaibisha mradi fulani.

Na zivuke mpaka. Akagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na bwawa la Rusumo la megawati 80 tayari linamilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Tanzania. Sehemu ya chini ya mto huo, samaki aina ya ningu walikuwa wakipanda kwa makundi kila mvua kwenda kutaga. Nyavu za makila zilipozagaa midomoni mwa mito katikati ya karne iliyopita, uvuvi wa ningu uliporomoka ndani ya miaka michache, na hadi leo haujarudi ulivyokuwa. Ningu walimalizwa na nyavu. Walio mtoni sasa wana nyavu, tope, mabwawa na joto. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu inaweza kuzitaka nchi zote za bonde zihesabu kwa njia moja, na Rwanda, ambako mto huu hukusanya maji yake ya kwanza, iwe ya kwanza kuwasilisha takwimu zake. Vuli huanza Septemba. Vipimajoto vya kwanza viwe majini kabla ya mvua hizo kunyesha.