Kitanda Usichokilalia

Jumamosi moja nilialikwa na vijana wa bendi ya mtaani kuwasikiliza wakifanya mazoezi katika ukumbi mdogo huko Jericho, Nairobi. Mpiga gitaa wao alikuwa amenunua pedali kuukuu, kile kisanduku cha chuma kikanyagwacho kwa mguu ili kuibadilisha sauti ya gitaa la umeme. Hakuridhika nayo. Alipoirudisha dukani, aliambiwa aeleze kasoro zake "kitaalamu", yaani kwa Kiingereza. Akashikwa na kigugumizi, akaondoka na pedali yake na hasara yake.

Nilimwomba anieleze kwa lugha aitakayo. Loo! Maneno yalimtiririka kama maji. Kifundo cha kwanza, alisema, hata kikizungushwa hadi chini kabisa, huiacha sauti ikikwaruza. Cha pili huifanya ama izibe kama ya mtu mwenye mafua, ama ichome masikio. Hakina kati na kati. Cha tatu hulala hadi nusu ya mzunguko, kisha sauti hulipuka ghafla. Akaongeza kwamba mkwaruzo huo huenda usimkere mpiga roki, ila mpiga benga utamharibia kazi, kwa sababu benga hutaka kila uzi usikike peke yake, mithili ya nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane.

Kijana yule alisema kweli tupu. Pedali ya aina hiyo hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Nyuzi mbili zikipigwa pamoja, huzaliwa sauti nyingine ambazo mpigaji hakuzikusudia, na muziki hutibuka. Alichokosa si ujuzi, bali msikilizaji.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya mitaani, hayafai kuwa istilahi. Nawauliza: kukwaruza, kuziba, kuchoma na kulipuka, ni lipi kati ya hayo lisilo Kiswahili sanifu? Neno "matatu" halikutungwa na kamati. Lilizaliwa barabarani, kutokana na nauli ya mapeni matatu. "Tarakilishi" tumelifundisha darasani, lakini walio wengi bado husema "kompyuta". Istilahi hudumu inapokubaliwa na watumiaji.

Pedali ya DS-1 ya kampuni ya Boss, iliyotoka Japani mwaka 1978, ina maandishi ya Kiingereza. Hata hivyo, sidhani kuna aliyemwambia fundi wa Kijapani kwamba hawezi kuijua sauti kwa lugha ya mamake. Sisi Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo una maana gani ikiwa mnunuzi hawezi kudai haki yake kwa lugha hiyo?

Walimu wenzangu, mkichoka kuwatungisha wanafunzi insha za "Safari Niliyoifurahia", waambieni waeleze chombo wanachokitumia kila siku: kinafanyaje kazi, kinaudhi wapi, kirekebishwe vipi. Yaandikeni maneno watakayoyatumia. Nanyi wanafunzi, msione haya kuyatamka. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia ndiye huyu kijana wa Jericho. Tumpe nafasi atutajie kunguni hao.