Leseni ya Tambarare na Milima ya Kusini

Kila zifikapo likizo za Juni na Desemba, watumishi na walimu wengi hushika njia ya Nyanda za Juu Kusini. Si wote waendao kusalimu wazee. Wapo waendao Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kupumzika mchangani na kupanda mitumbwi. Hilo ni jema, kwani nchi haijulikani kwa ramani peke yake. Lakini msafiri huyo huuliza sana habari za ziwa, kama lina mawimbi na kama chombo ni salama, asiulize neno juu ya barabara itakayomfikisha huko. Ziwa analihofu kwa kuwa ni geni kwake. Barabara anadhani anaijua kwa kuwa ana leseni.

Leseni iliyopatikana katika tambarare za Dar es Salaam haimfundishi mtu Kitonga. Hapo, baada ya Ruaha Mbuyuni, barabara huukwea mlima kuelekea Iringa kwa kona zinazofuatana, huku malori yenye matela yakijikokota kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Mgeni huishiwa subira, akatoka kupita mahali asipoona mbele. Na kutoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela, ukungu huweza kuifunika njia mchana kweupe. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa halifiki 500. Mwenyeji huteremka kwa gia ndogo. Mgeni huteremka kwa breki, nazo zikishapata moto hazishiki tena, hata akizikanyaga kwa miguu yote miwili.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipita njia hii kwa malori, na madereva wakaiita njia ya jehanamu. Lami iliyofuata iliondoa vumbi na matope. Milima haikuiondoa. Machi 11, 2015, huko Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya, wakafa watu zaidi ya 40.

Madereva wa malori wana lugha yao. Taa ya kulia ikiwaka katika lori lililo mbele, maana yake usipite. Ya kushoto, njia ni nyeupe. Matawi ya miti yakitandazwa barabarani, mbele kuna gari lililoharibika. Dereva humrithisha utingo wake kwa mdomo. Tatizo ni kwamba taa hiyohiyo ya kushoto, kwa sheria, ni ishara ya mtu anayekata kona kushoto. Mgeni akiisoma vibaya amekwisha. Tena hata akiisoma vyema, aliyemruhusu kupita siye atakayekutana uso kwa uso na basi.

Haifai elimu inayookoa maisha ibaki kuwa siri ya vibanda vya chai vya Makambako. Shule za udereva hazina budi kumpandisha na kumteremsha mwanafunzi mlima halisi, au, pasipo na mlima, kumweleza waziwazi kwamba hajaufuzu. Mabango yasiishie kuchora mteremko. Yaseme kwa Kiswahili gia itiwe wapi, kabla gari halijaanza kushuka. Na mtumishi anayekwenda Matema alale Iringa, aondoke alfajiri, ili ateremke Rungwe jua lingaliwaka.