Kufuli si matunzo

Wiki hii semina ilikuwa moto: majengo ya kale yafanyweje? Wengi walisema yafungwe, yasiguswe. Mimi nakataa.

Jengo lisilo na watu nani ataona bati limetoboka? Mvua inaingia, mbao zinaoza kimyakimya.

Kwetu Sigi Mjerumani alileta reli kutoka Tengeni. Treni ilishakufa zamani, lakini nyumba ya stesheni ilikarabatiwa ikawa kituo cha wageni wa Hifadhi ya Amani. Ilipata kazi mpya, ndo ikapona.

Haya, tazameni Beit al-Ajaib kule Unguja. Sultani Barghash alilijenga 1883, Waingereza wakalifanya ofisi za serikali, baadaye likawa makumbusho. Likachakaa mpaka likafungwa, ukarabati ukaja umechelewa. Desemba 25, 2020 sehemu yake, pamoja na mnara wa saa, ikaporomoka. Mafundi walikuwemo; watu wawili wakafa.

Jamani, tuweke umeme mpya, intaneti na vyoo, watu wafanye kazi humo. Kuta na milango ya nakshi ibaki. Ila tukarabati mapema, tusingoje nyufa. Au nasema uongo?