Wachuuzi na Amri Mpya za Serikali

Juzi nalikuwa nimekaa barazani pamoja na watu wenye elimu yao, na mazungumzo yakafika kwa wachuuzi wa mji wetu. Mmoja wetu, mtu ninayemheshimu sana, akasema kwa ukali kwamba wachuuzi ni watu wasiopenda sheria: wakiambiwa wahame hawahami, wakiambiwa walipe hujificha, na wakikamatwa hulia kama watoto. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nalinyamaza, na kunyamaza kule kumeniuma tangu siku ile. Ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti hili nitoe jibu nililopasa kulitoa palepale.

Neno langu ni hili. Mchuuzi wetu aghalabu haijui sheria anayoshtakiwa kwayo, na wale wanaoijua, yaani maofisa, na sisi tuliosoma pamoja nao, hatumwambii ila ile sehemu yenye adhabu. Sehemu yenye haki yake hukaa kabatini.

Nitaeleza jambo moja nililolishuhudia mwenyewe. Karibu na shule yetu yuko mama mmoja mjane akaangaye maandazi na kuchemsha chai. Binti yake alikuwa katika darasa langu. Mwezi wa Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo, bei yake shilingi 20,000 kila kimoja, kwa watu ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni nne. Na agizo lilikuwa kwamba mwenye kitambulisho asisumbuliwe. Mama yule alikinunua mapema mwaka uliofuata. Akakivika mfuko wa nailoni ili kisiingie mafuta, akakining'iniza shingoni, akaniambia, "Mwalimu, sasa na mimi nimo katika watu wanaohesabiwa." Naye alikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana miaka yote alikuwa akitoza mwanawe kazi ya kuchungulia pembe ya njia, asije mgambo akamwaga mafuta ya moto.

Mwaka 2020 akaja ofisa mmoja kijana, mpole, akanywa chai, akalipa. Kisha akamwuliza anauza kiasi gani kwa siku. Mama, kwa kuwa ni mtu asiyejua kusema uongo, na labda kwa fahari kidogo, akajibu, "Elfu kumi na nne, baba." Kijana akatoa kalamu, akazidisha kwa siku 300, akapata shilingi 4,200,000. Akamwambia kwamba amepita mpaka, kitambulisho hakimfai tena, naye atalipa kodi ya shilingi 100,000 kwa mwaka. Basi.

Wasomaji watazame vizuri hapa. Zile elfu kumi na nne ni mauzo, si faida. Ukitoa unga, sukari, mafuta, majani ya chai na mkaa, hazibaki shilingi elfu nne mkononi. Kwa hiyo laki moja ni kazi yake ya siku 25 na zaidi, pasipo yeye na wanawe kula kitu. Alikopa katika chama chao cha kina mama. Tena alikwenda ofisini mara nne, maana kila mara aliambiwa mhusika hayupo, rudi kesho. Na siku zote nne binti alibaki kuutazama moto. Katika daftari langu la mahudhurio nalimwandikia alama ya utoro. Sikuuliza sababu mpaka siku ya nne, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Naliposikia habari ile nalikwenda kuitafuta sheria, nikaisoma. Ni Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Nayo yasema kwamba mtu mwenye mauzo kati ya milioni nne na milioni saba, asiyeweka kumbukumbu za biashara yake, atalipa 100,000; ofisa hakusema uongo. Lakini mstari uo huo wasema kwamba aliyeweka kumbukumbu kamili atalipa asilimia tatu tu ya kile kilichozidi milioni nne. Nikashika kalamu. Kilichozidi kwa mama yule ni 200,000. Asilimia tatu yake ni shilingi 6,000. Nalirudia hesabu mara mbili, kwa kuwa nalidhani nimekosea.

Shilingi elfu sita! Tofauti ya 94,000 ilikuwa imelala katika daftari ambalo bei yake haifiki elfu mbili, na hakuna mtu aliyemwambia mama alinunue. Tena ana binti awezaye kuandika na kujumlisha, niliyemfundisha mimi. Nalimwendea yule kijana, nikamwuliza kwa upole, "Bwana, mbona hukumwambia habari ya kumbukumbu?" Akanijibu, "Hakuniuliza."

Jibu hili nimelitafakari sana. Mtu atauliziaje kitu asichojua kuwa kipo? Sisi walimu hatumtahini mtoto hesabu ya kugawanya kabla ya kumfundisha kugawanya. (Wako waliofanya hivyo zamani, na fimbo juu yake, nami nawakumbuka, wala siwakumbuki kwa shukrani.) Sheria ile, ukiisoma yote, yamhurumia mdogo: yule wa chini ya milioni nne imemwacha, na yule aliyepita kidogo imemtoza kidogo. Waliyoitunga hawakukusudia kumnyang'anya mjane mtaji. Yaliyomnyang'anya ni kukatwa kwa maneno yake njiani, kati ya Bunge na kibanda cha maandazi, hata ikamfikia nusu, na nusu yenyewe ile iumayo.

Labda mtu atasema kwamba kutojua sheria si udhuru mbele ya hakimu. Nakubali, na pasipo kanuni hiyo kila mwizi angedai hajui. Lakini kanuni hiyo imesimama juu ya kanuni nyingine iliyo kubwa zaidi, kwamba sheria imetangazwa kwa watu. Wazee wetu wa pwani hawakuwa na magazeti, walakini neno la mji likitoka, mpiga mbiu alizunguka na pembe yake mtaa kwa mtaa, akasema kwa lugha ya watu wale, na hata kipofu alisikia. Leo mbiu yetu iko wapi? Sheria ile ya 2019 nalipaswa kuisoma kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini mama yangu huyu alitozwa mwaka 2020, kwa maneno ambayo hata kama angeyashika mkononi, yangekuwa kwake kama michoro ya siafu.

Wala jambo hili halikuanza kwake. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wa Dar es Salaam wasioweza kuonyesha kazi inayotambulika walikamatwa wakapelekwa mashambani, na wengi wao walikuwa na kazi, ila haikuwa na karatasi. Miaka thelathini ikapita. Mwaka 2013 wafanya biashara wenye mauzo ya kuanzia milioni 14 walipoamriwa kununua mashine za kutolea risiti, bei ya mashine moja ilipita laki sita, na mapema mwaka 2014 maduka yalifungwa Mbeya, Iringa na miji mingine. Nalisikia wakati ule wakiitwa wakaidi. Wako waliokuwa wakaidi, sikatai. Lakini wengi niliosema nao walikuwa na swali moja tu, kwamba mashine ikiharibika huku kijijini nani ataitengeneza, na adhabu ya siku zile itakuwa ya nani. Hawakupata jibu, walipata tarehe ya mwisho.

Vitambulisho navyo vilipotoka, viongozi wa mikoa na wilaya wakawa wanapimwa kwa idadi waliyouza. Ukimpima mtu kwa idadi atauza. Atamwuzia hata asiyestahili, na maelezo yatachukua muda, kwa hiyo ataacha maelezo. Oktoba 2021 wachuuzi wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara, nao vitambulisho shingoni. Mimi siitetei njia iliyozibwa. Mgonjwa naye apaswa kupita. Nauliza tu kama yule aliyeuziwa kitambulisho aliambiwa kimempa nini na hakikumpa nini. Na Mei 2023, wenye maduka ya Kariakoo walipogoma, kilio chao kimoja kilikuwa ni kukamatwakamatwa kwa ajili ya risiti, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena.

Wako wengine wanaojidai rafiki za wachuuzi, wasemao mdogo asilipe chochote kamwe. Hao siwafuati. Shule zataka madawati, zahanati zataka dawa, na mtu anayelipa hupata kinywa cha kudai. Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Nami nasema kwamba anayepokea 100,000 mahali ambapo kwa maneno mawili tu ingekuwa 6,000, ametoza zaidi, hata kama karatasi yake ni safi na fedha zote zimefika hazina.

Basi kitu ninachokidai ni kidogo, wala hakihitaji bajeti. Ofisa anapomkadiria mtu, amtajie viwango vyote viwili, cha mwenye kumbukumbu na cha asiye nazo, kwa Kiswahili, kabla ya kuandika tarakimu. Amri mpya isomwe sokoni siku ya gulio, na ipite robo mwaka kabla mtu hajaadhibiwa kwayo. Na sisi walimu tusijifiche nyuma ya maofisa. Katika kila mtaa wenye wachuuzi iko shule, na katika kila shule yuko mtu awezaye kusoma jedwali na kulieleza kwa mama mwenye unga mikononi. Yule rafiki yangu wa barazani anajua sheria kuliko mimi. Angeweza kukomboa laki nzima ya mtu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na chai ile ile huinywa kwa mama yule kila asubuhi.

Sisi hapa tulianza Jumamosi, katika chumba cha darasa la sita, baada ya gulio. Mara ya kwanza walikuja watano, na wawili kati yao walidhani tunatoa mikopo, wakaondoka. Tunaandika safu tatu: tarehe, kilichotoka, kilichoingia. Daftari la mama wa maandazi huandikwa na binti yake, naye mama huweka alama ya kidole cha mafuta chini ya kila ukurasa kuonyesha ameuona. Mwaka uliofuata alilichukua ofisini pamoja na karatasi za kununulia unga. Walilipekua kwa muda mrefu, wakauliza maswali mengi, wakalikubali.

Kuhusu ofisi ya mji, nimeandika barua mbili nikiomba jedwali la viwango libandikwe mlangoni. Tangazo lililopo pale mpaka leo ni moja, la faini.