Siafu Hawajui Waendako

Apitaye katika msitu wa Kakamega baada ya mvua hukosa mara chache kuukuta msafara wa siafu ukikata njia: wadogo katikati, wenye taya kubwa wakilinda kandokando. Mhubiri auonapo hupata mahubiri papo hapo. Tazameni viumbe wasiopinda kulia wala kushoto! Mfano huo una asili ya heshima. Mithali, sura ya 6, humtuma mvivu kwa chungu, nayo sura ya 27 ya Kurani imepewa jina la wadudu hao.

Lakini siafu mfanyakazi ni kipofu. Hana macho kabisa. Hufuata harufu iliyoachwa na waliotangulia. Miongoni mwa jamaa zao wa misitu ya Amerika, wataalamu wameshuhudia kundi lililotengwa na njia yake likizunguka katika duara, kila mmoja akimfuata mwenziwe kwa uaminifu, hadi wengi wakafa.

Hapo ndipo mfano wa mhubiri unapopwaya. Waumini wengi (na wasomi wa vyuo vikuu hawajanusurika) husifiwa kwa kutotoka mstarini, ilhali hakuna aliyeuliza mstari waelekea wapi. Ajabu ni kwamba Mithali humsifu chungu kwa kufanya kazi bila akida wala msimamizi, si kwa kufuata.

Mama atokaye kuokota kuni upande wa Isecheno hashangilii nidhamu ya siafu. Huinua pindo la leso, hutazama pa kukanyaga, kisha huvuka.