Si la utoto tu hilo

Leo nina la moyoni.

Binti yangu alipokuwa na miaka 5, gego lake la chini lilitoboka. Usiku halali, kashika shavu analia. Nikaambiwa ling'olewe, nikakubali mbio, maana nyumba nzima walisema, "Si la utoto tu hilo, litaota jengine." Kweli litaota, lakini lini? Magego ya utoto kwa kawaida hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Kwa miaka yote hiyo meno ya jirani yakasogea, pengo likajifunga, na jino la ukubwani lilipokuja halikukuta nafasi. Limechomozea pembeni. Sasa akicheka hujiziba mdomo, nami roho huniuma.

Kwa mdogo wake, meno ya mbele yalianza kuoza akiwa na miaka 3. Kosa langu: nilikuwa namlaza na chupa ya maziwa yenye sukari. Safari hii daktari alimpaka dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Hakuna sindano wala mashine ya kuchonga. Inapakwa kwa kiburashi kwenye uozo, dakika chache basi, na hurudiwa kila baada ya miezi 6 hivi. Inaua vijidudu na kuusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Ila palipooza panageuka peusi, na weusi haufutiki. Siku ya Idi shangazi mmoja akaniuliza mtoto kaanza lini kula tambuu! Nikacheka. Mtoto anakula, analala, na meno yake yapo mahali pake. Watoto ni amana, na mimi nachagua jino jeusi lililotulia kuliko pengo linalopendeza macho ya wageni.

Kwa magego kuna pia kuziba, na kuna kikofia cha chuma kinachovishwa jino zima na kuufungia uozo ndani, mara nyingi bila ya sindano. Hukaa hapo hadi jino lenyewe litoke kwa wakati wake. Si kila jino litaokolewa, tusidanganyane. Likishatunga usaha, dawa ya kupaka haitoshi, na pengine kung'oa ndiyo rehema. Uso ukivimba na mtoto ana homa, nenda siku hiyo hiyo, usingoje karafuu ya bibi.

Lakini kabla ya kukubali koleo, muulize daktari: hili haliokoleki? Na likitoka, nafasi yake itashikiliwa na nini? Kuna kiwaya maalumu cha kuzuia meno ya jirani yasisogee. Mie siku ile sikuuliza, na wala hakuna aliyeniambia.