Banda la Kuku na Mtihani wa Meneja wa Miradi

Askari anapostaafu hupewa barua ya utumishi na kiinua mgongo chake. Ujuzi alioupata kwa miaka ishirini, wa kujenga daraja la muda, kuhamisha kombania nzima na vyombo vyake, au kusimamia ujenzi wa zahanati kijijini, aghalabu hauandikwi popote. Akienda kuomba kazi katika kampuni ya ujenzi au shirika la misaada, huulizwa cheti, naye hana cha kuonyesha ila mikono yake. Hapo ndipo yanapoingia mafunzo ya usimamizi wa miradi, ambayo katika miaka ya karibuni yamewavutia maofisa, askari wa vyeo vya chini na hata wake zao.

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoacha kitu ambacho hakikuwapo. Kulinda lango la kambi si mradi, kwa kuwa zamu haiishi. Kujenga kibanda cha mlinzi langoni ni mradi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini watahiniwa wengi hujikwaa papo hapo, wakahesabu kazi za kila siku kuwa ni miradi waliyoiongoza.

Elimu hii, kwa sehemu kubwa, ilikulia katika majeshi na viwanda. Mmarekani Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919, alieneza jedwali la mistari linaloonyesha kila kazi inaanza siku gani na kwisha lini, na majedwali yake yalitumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1957 kampuni ya Du Pont ilitafuta namna ya kupunguza muda wa kujenga na kukarabati viwanda vyake vya kemikali, ikapata hesabu ya mfuatano mrefu kuliko yote. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, likitengeneza kombora la Polaris, lilibuni hesabu nyingine ya jamaa hiyo, maana kazi zilikuwa maelfu na hakuna aliyejua kwa hakika kila moja itachukua siku ngapi. Polaris ilirushwa mara ya kwanza kutoka nyambizi chini ya maji mwezi Julai 1960.

Msomaji asitishike na habari za makombora. Hesabu ileile hutosha kwa banda la kuku.

Chukuliwe mfano wa sajini aliye karibu kustaafu, na mkewe anayetaka kufuga kuku wa mayai. Kazi zao ni hizi. Kusafisha kiwanja na kuchimba msingi, siku 6. Kufyatua na kukausha matofali, siku 14, nayo yaweza kwenda sambamba na msingi. Kuta, siku 7, lakini haziwezi kuanza kabla ya msingi na matofali kuwa tayari. Paa la mabati, siku 4. Maranda, vyombo vya maji na taa ya kuwapa joto vifaranga, siku 2. Tena kuna vifaranga wenyewe: muuzaji huwaleta siku 28 baada ya kulipwa arbuni.

Mume, kwa mazoea ya kazi za nguvu, atataka kutumia likizo yake yote kwenye msingi. Mke akiketi na karatasi ataona jambo jingine. Mfuatano wa msingi, kuta, paa na vyombo ni siku 19. Mfuatano wa matofali, kuta, paa na vyombo ni siku 27. Mfuatano wa vifaranga ni siku 28, nao ndio mrefu kuliko yote, ingawa kazi yake ni kwenda mara moja tu kwa muuzaji na fedha mkononi. Huo mfuatano mrefu huitwa njia ya lazima, kwa sababu siku moja ikipotea humo, mradi wote huchelewa siku moja. Msingi una nafasi ya siku 9. Mtu aweza kuugua malaria, akapona, akachimba, na banda lisichelewe hata kidogo.

«Baba Watoto,» mke atasema, «likizo yako iende kwenye matofali, na arbuni ilipwe kesho asubuhi.»

Wengi hufanya kinyume. Hungoja paa liishe ndipo wakumbuke vifaranga. Paa huisha siku ya 25. Arbuni ikilipwa siku hiyo, kuku hufika siku ya 53. Karibu majuma manne banda hukaa tupu, na kama fedha ilitoka kwenye mkopo wa chama cha akiba, riba haitangoji kuku wakue.

Bado kuna mvua. Matofali yakipata jua zuri yatakuwa tayari kwa siku 10; kwa kawaida ni 14; mvua ikishika ni 24. Wale wa Polaris walifundisha kuchukua makadirio hayo matatu, lile la kawaida likizidishwa mara 4, kisha jumla kugawanywa kwa 6. Kumi, na hamsini na sita, na ishirini na nne ni tisini. Gawanya kwa sita, ni siku 15. Basi mfuatano wa matofali umekuwa siku 28, sawasawa na ule wa vifaranga. Ile siku moja ya nafasi imekwenda na mvua. Mradi sasa una njia mbili za lazima, na vifaranga wa siku moja wakifika banda halijafungwa watakufa kwa baridi usiku wa kwanza. Mke mwenye busara atamwomba muuzaji awalete siku ya 32, au atanunua turubai la kufunika matofali. Turubai ni rahisi kuliko vifaranga mia.

Miradi mikubwa huugua maradhi hayohayo. Bwawa la umeme la Karuma, kwenye Mto Nile nchini Uganda, lenye uwezo wa megawati 600, lilianza kujengwa mwaka 2013 likitarajiwa kukamilika 2018. Lilizinduliwa rasmi Septemba 2024.

Sasa habari za cheti. Taasisi inayojulikana zaidi ni Project Management Institute ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mtihani wake wa PMP ulianza mwaka 1984. Kwa masharti yaliyowekwa kwa mtihani wa mwaka 2021, mwenye shahada huhitaji miezi 36 ya kuongoza miradi. Aliyeishia sekondari huhitaji miezi 60. Wote wawili huhitaji saa 35 za mafunzo. Fomu haiulizi kama miezi hiyo ilipatikana ofisini au kambini, mradi tu mtahini aweze kuona kwamba mwombaji aliongoza na kuelekeza kazi. Miradi miwili iliyokwenda pamoja katika mwezi mmoja huhesabiwa mwezi mmoja. Baadhi ya maombi huchaguliwa kukaguliwa, na mwombaji hutakiwa kuleta uthibitisho wa wakubwa wake wa zamani. Hivyo ni vema kuwatafuta kabla hawajahamishwa au kustaafu.

Asiye na uzoefu hajafungiwa mlango. Kipo cheti cha chini kiitwacho CAPM, kinachotaka elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. Huyo mke wa sajini, ikiwa alimaliza sekondari, aweza kukipata kabla ya mumewe kupata kile kikubwa. Si jambo la kuonea haya. Wanaopenda njia ya Uingereza wanayo PRINCE2, iliyotolewa mwaka 1996 kutokana na taratibu za miradi ya serikali ya huko. Na anayetaka kusoma darasani, vyuo vya nchi hizi hufundisha somo hilo. Uganda Management Institute mjini Kampala ni kimojawapo.

Mtihani wa PMP wa mwaka 2021 ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, yaani dakika moja na robo hivi kwa swali. Haufanywi kwa Kiswahili. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili hana budi kuzoea kusoma maswali marefu ya Kiingereza kwa haraka, na dawa yake ni mazoezi ya kila usiku, maswali ishirini au thelathini, saa ikiwa mezani. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, basi asiache swali tupu.

Kwa askari, ugumu mkubwa si hesabu. Asilimia 42 ya mtihani huo ilihusu watu: ugomvi katika kikundi, fundi aliyekata tamaa, mwenye mali anayebadili nia kila juma. Swali huuliza meneja afanye nini kwanza. Afande aliyezoea kutoa amri na kutiiwa huchagua jibu la amri, au huchagua kupeleka shauri kwa mkubwa, akakosa. Jibu linalotakiwa mara nyingi ni kuketi na wahusika, kusikiliza, kujua chanzo, ndipo hatua ifuate. Tena karibu nusu ya mtihani iligusa utaratibu wa kufanya kazi kwa vipande vifupi, kila kipande kikaguliwe na mwenye mali kabla ya kingine kuanza. Mama wa nyumbani aliyewahi kumshonea jirani nguo, akiipima mara tatu kabla ya kukata, huuelewa utaratibu huo upesi kuliko luteni.

Masharti ya mitihani hii hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na vitabu pia. Kitabu cha mwongozo cha taasisi hiyo kilitolewa kwa toleo la saba mwaka 2021, kikiwa tofauti sana na la sita la mwaka 2017. Anayenunua vitabu vilivyotumika atazame toleo kabla ya kutoa fedha, na asome masharti ya mwaka wake kabla ya kulipa ada. Ajihadhari pia na wauza vyeti. Majina ya wenye PMP huweza kuthibitishwa katika orodha ya taasisi yenyewe, na mwajiri yeyote aweza kuitazama kwa dakika mbili.

Cheti chenyewe hakidumu milele. Kila miaka mitatu mwenye PMP hutakiwa kuonyesha alama 60 za kujiendeleza, kwa kusoma, kufundisha wengine au kufanya kazi ya fani yake. Na kwa yule ambaye bado yu kazini, daftari moja la kurasa mia litatosha kuanzia: jina la mradi, mwezi ulioanza, mwezi ulioisha, idadi ya watu aliowaongoza, na jina la mkubwa aliyeiona kazi hiyo. Liandikwe kila mwisho wa mwezi, na liwekwe nyumbani sandukuni, si ofisini.